Bado, Alisema Mwenye Bucha

Mwenye bucha hakuwahi kuniuzia maini. Nyama ya paja alinipa, mbavu alinipa, utumbo alinifungia kwenye gazeti kabla sijafungua mdomo, na mifupa ya supu alinisukumia hata siku ambazo sikuwa na haja nayo. Lakini maini, hapana.

"Nipimie maini nusu kilo."

"Yameisha."

"Nayaona hapo kwenye ndoano."

"Hayo ni ya wenye maini."

Wateja walicheka. Mimi nilikuwa na meza ya magadi na samaki wakavu ng'ambo ya njia, katika soko la Bariadi, tumetazamana na bucha lake, kwa hiyo kicheko kile nilikisikia kikianza, kikizunguka, kikiisha. Sikukasirika. Miaka ile sikuwa nakasirika. Mtu akinikanyaga kidole nilikitazama kidole, nikautazama mguu wake, nikaendelea kupanga samaki.

Sababu nitaisema mara moja ili tusirudi nyuma. Sisi tulikuwa watu wa upande wa Shishiyu. Ilipokuja operesheni ya kuhamia vijijini tulipakiwa kwenye lori, sisi, mitungi na mlango wa nyumba, tukashushwa upande wa Bariadi katika kijiji kipya ambacho bado kilikuwa vigingi na kamba. Tukasimamisha kibanda cha nyasi. Mvua za kwanza zikatukuta humo, na surua ikatukuta humo. Binti yetu, wa kwanza na wakati ule wa pekee, alikuwa ameanza kutembea. Akafa. Hayo ndiyo yote. Nimeyahesabu mara mbili, hayazidi.

Kwetu mzazi huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nilikuwa baba wa jina lile, na mke wangu mama wa jina lile. Baada ya mazishi, mtu akiniita hivyo nilipita kama anayeitwa ni mwingine. Soko likaelewa, likanibatiza Magadi. Mke wangu hakutaka kubatizwa. Alitaka nimwite kama zamani, na mimi kila nilipojaribu, ulimi ulilala mdomoni kama umepigwa sindano ya ganzi. Nikimwita "mke wangu," anasema, "Hilo si jina, hilo ni cheo." Akangoja pamba ivunwe, akafunga khanga zake, akarudi kwao Binza, pale Maswa mjini.

"Siku utakayoniita jina langu nitaitika," alisema mlangoni. "Hata ukiniita ukiwa Bariadi, mimi nikiwa Binza, nitasikia."

Ndipo nikahamia kulala sokoni, nyuma ya meza yangu, na ndipo nikaanza kumwona mwenye bucha alfajiri.

Kabla ya bucha alikuwa mpishi katika kambi ya Wachina waliojenga reli, huko kusini. Wao walikuwa na wapishi wao wa nguruwe. Yeye, kwa kuwa ni Mwislamu, aliajiriwa kuchinja ng'ombe na kuku wa vibarua. Alirudi na sufuria zito, koti la bluu lenye mifuko minne, na mazoezi. Mazoezi yenyewe Wachina waliyaita qigong. Yeye alitamka "chigongo," na soko likasikia kigongo, ile nundu ya ng'ombe. Kwa wiki nzima watu walikuja kuomba wapimiwe.

"Chigongo si nyama!" alifoka. "Chigongo ni pumzi!"

"Basi nipimie pumzi, baba. Bila mfupa."

Alikuwa mtu wa namna hiyo, akifundisha utulivu kwa kufoka. Neno lake kubwa lilikuwa "taratibu," na sijapata kumwona akifanya jambo lolote taratibu isipokuwa hilo moja. Alikula amesimama. Alitembea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Mzani wake ulikuwa na tabia ya kuegemea upande wa mwenye bucha, na ukimwambia, aliupiga kofi mzani, akamgeukia mteja na uso wa mtu aliyeonewa. Alivuta tumbaku kali iliyomfanya akohoe katikati ya somo la pumzi. Alichinja kila siku ya Mungu bila kupepesa jicho, lakini wauguzi walipokuja sokoni na sindano za chanjo alijifungia ndani ya bucha, akasema kupitia tundu la komeo kwamba amesafiri.

Lakini alfajiri, ng'ombe akishachunwa na damu ikishafukiwa kwa majivu, alisimama uani nyuma ya bucha, akawa mtu mwingine. Miguu aliiachanisha kadiri ya mabega. Magoti aliyalegeza. Mikono aliipandisha mbele yake polepole, kama anayeinua kitu chepesi kilicholala na hataki kukiamsha, ikafika juu, ikafunguka, ikashuka ubavuni. Kisha aliinama upande huu, mbavu za upande ule zikafunguka; akageuza. Macho aliyafumbua wazi kabisa. Ini hutokea machoni, alisema, kwa hiyo tazama kama mtu anayemtafuta ng'ombe wake mnadani. Mwisho alitoa pumzi ndefu kwa mlio wa "shuuuu."

Mzee mmoja wa Kichina, mchomelea vyuma pale kambini, ndiye aliyemfundisha. Mkalimani wao, naye Mchina, alikuwa na Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Alimweleza hivi: "Ndugu, majira ya kuchipua yanaliamsha ini. Mwili na moyo viende pamoja na majani." Mwenye bucha aliyabeba maneno hayo kutoka kusini hadi Bariadi bila kuyamwaga. Tatizo lilikuwa moja. Hakuuliza majira ya kuchipua ni mwezi gani.

Mwaka wa kwanza alifuata kalenda ya kambini, akaanza Februari. Watu wakapita na majembe wakielekea palizi.

"Mwangaluka, baba. Unafanya nini?"

"Mwangaluka. Naenda pamoja na majani. Yanachipua."

"Umechelewa. Pamba iko magotini."

Alifikiri sana juu ya hilo. Ungetegemea mtu aulize wazee, au amwulize bwana mifugo, ambaye alikuwa amesoma. Yeye aliuliza ng'ombe. Bwana mifugo alikuja kila asubuhi kulipasua ini kutafuta minyoo kabla ya nyama kuuzwa, na mwenye bucha alisimama pembeni akitazama. Mwisho wa kiangazi maini yalitoka yamepauka, magumu, mishipa yake ikikwaruza kisu. Mvua ikinyesha, hayakubadilika. Majani yakitoka, bado. Ng'ombe alipaswa kwanza ale majani mapya, ashibe, anenepe kidogo, na ndipo siku moja ini lilitoka jeusi na laini. Mwenye bucha alilibonyeza kwa kidole gumba. Shimo likibaki, alisema, "Bado." Shimo likijaa lenyewe, alisema kimya kimya, kama anayeogopa kulishtua, "Limerudi." Hayo ndiyo yakawa majira yake ya kuchipua.

"Hiyo si sayansi," bwana mifugo alimwambia.

"Sijasema sayansi. Nimesema ini."

Wakabishana hivyo miaka yote, hakuna aliyeshinda, na wote wawili walikunywa chai kwenye kikombe kimoja.

Sasa mazoezi yenyewe aliyafanya mwaka mzima, ila kabla ya ini kurudi aliyafanya kwa kuomba, na baada ya hapo kwa kushukuru. Mtu anayeinua mikono juu kila alfajiri, ametazama mashariki, mwisho wa kiangazi, katika nchi ya Wasukuma, anajitafutia maneno. Mwaka wa pili mvua ilinyesha akiwa bado ameinua mikono. Wiki ile ile akina mama wa vijijini walipanga mstari mbele ya bucha na vikapu vya mbegu, wakitaka awapigie ile "shuuuu" juu ya mtama wao. Walileta kuku. Kuku hao akawapokea. Nadhani hilo ndilo lililomfikisha kwa Katibu Kata.

Mimi niliitwa kama shahidi kwa kuwa ninatazamana naye. Katibu alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri.

"Ndugu, tumepata taarifa kwamba unaita mvua."

"Siiti mvua, Ndugu Katibu. Naamsha ini."

"Ini la nani?"

"Langu. Kila mtu na lake."

Katibu akainua kalamu. "Hapo ndipo penye tatizo. Kila mtu na lake. Huo ni ubinafsi."

"Nilifundishwa na Wachina."

Kalamu ikashuka. "Wachina wa reli?"

"Wa reli."

Katibu akaifunika kalamu. Kuwakataza marafiki wa nchi hakuweza, na kuruhusu uganga hakuweza. Mwishowe akasema, "Basi yafanyike kwa pamoja. Mambo ya mtu peke yake yanaleta maneno. Shahidi, na wewe utashiriki."

"Mimi ni shahidi tu."

"Umeshashiriki kwa kuona."

Nilikuwa nimezoea kupatana bei hata ya chumvi, lakini siku ile sikupatana. Ingenigharimu nguvu zaidi kukataa kuliko kukubali.

Wengi walikuja wiki ya kwanza, kwa amri. Muuza vitumbua alicheka mpaka akakaa chini. Fundi baiskeli alilala amesimama, akasifiwa kwa utulivu wake. Baada ya mwezi tukabaki wawili: yeye, ambaye aliamini, na mimi, ambaye sikuwa na pa kwenda saa zile.

Hatukuzungumza sana. Mikono yake ilinuka damu na majivu, nayo ilipanda hewani kama haijawahi kushika kisu. Mimi nilipandisha yangu. Sikuhisi kitu. Nilimwambia ukweli huo, kwa kuwa mteja lazima aseme bidhaa ikiwa mbovu.

"Sihisi kitu."

"Nani kakuuliza unahisi nini? Pandisha mkono."

"Nifanye mpaka lini?"

Akanijia, akanibonyeza kwa kidole gumba chini ya mbavu za kulia, kwa nguvu, kama nilivyomwona akibonyeza maini kwenye sinia. Akangoja.

"Bado," akasema. Akarudi mahali pake.

Jambo moja alilikamata mapema. Kila kitu nilikifuata, ila mlio wa mwisho. Nilitengeneza mdomo, nikaacha pumzi itoke kimya.

"Hiyo pumzi umeimeza."

"Nimeitoa."

"Nina masikio, Magadi. Shuuuu. Hata mtoto anaweza."

Kwa kweli hata mtoto anaweza. Huo ndio mlio tunaowapigia watoto wachanga wakojoe. Nilimpigia binti yangu usiku nyuma ya kibanda, nimemshika chini ya magoti, mvua ikinyesha kwenye nyasi, naye akinitazama kama anayekisia nataka nini. Sikumweleza mwenye bucha. Lakini nadhani alielewa kitu, kwa sababu tangu siku hiyo tulipofika hapo alipiga mlio wa kututosha wote wawili, mrefu maradufu, halafu akakohoa tumbaku.

Maini aliendelea kuninyima. Watu husema jambo limewakata maini. Yeye aliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Aliyekatwa ini, alisema, asile ini mpaka lake lijiunge, maana la ng'ombe likiingia litakaa mahali pake na mwenyewe hatajua. Nilimwambia hiyo ni mbinu ya kuwawekea maini walimu, wenye mshahara. Alisema hiyo pia ni kweli.

Mwaka ule ini la ng'ombe lilirudi. Alilibonyeza mbele ya soko zima, likajaa, akasema neno lake. Kisha akavuka njia, akanibonyeza mimi, mikono ina damu, shati langu likapata alama.

"Bado."

"Basi nifanyeje? Baba mkwe ameagiza. Niende nikamchukue mke wangu, au niseme ndoa imekwisha, ng'ombe wa mahari wahesabiwe."

"Nenda."

"Ulisema ningoje."

"Nilisema ini bado. Sikusema miguu."

Nikaenda Binza. Baba mkwe alinipokea vizuri, akanipa maziwa, akanipa kigoda, akaniuliza habari za mvua, za pamba, za bei ya samaki. Nilijibu zote. Kisha akasema, "Mwenzio yuko jikoni. Mwite." Nikafungua mdomo. Ulimi ulikuwa palepale ulipokuwa. Nikasema, "Mke wangu." Sufuria likagongwa jikoni, hakuna aliyetoka. Mzee akatazama miguu yake. "Utalala," akasema. "Asubuhi tutaongea mambo ya ng'ombe."

Alfajiri niliamka kwa mazoea. Sikuwa nimekusudia, mtu akizoea kusimama saa fulani, miguu humtoa nje. Nilisimama nyuma ya zizi la mbuzi, nikalegeza magoti, nikapandisha mikono. Nilipoinama upande wa pili nikamwona mke wangu amesimama na ndoo.

"Unafukuza kuku?"

"Naamsha ini."

"La nani?"

"Langu."

Akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, lakini nilikitambua, nilikuwa nimekioa. "Kumbe lipo? Fanya tena nione."

Nikafanya tena tangu mwanzo. Akaweka ndoo chini. Nikafika mwisho, nikatengeneza mdomo, pumzi ikatoka kimya. Alinitazama mdomo. Yeye hakuhitaji kuelezwa. Akatengeneza mdomo wake.

"Shuuuu," akasema, taratibu, mpaka ukaisha.

Tukasimama pale. Mbuzi mmoja akakojoa. Hakuna aliyecheka, ingawa baadaye tulicheka sana.

"Narudi," akasema akiokota ndoo. "Lakini kuitika, bado."

Na hivyo ndivyo tulivyoishi. Alirudi, akapika, akalima, akanizalia watoto wanne, akanishinda kupatana bei na wavuvi wa ziwani. Watu walimwita mama wa mtoto huyu, mama wa mtoto yule, aliwaitika wote. Mimi nikimwita, alikuja. Kuitika, hapana. Nyumbani kwetu mtu aliita upande mmoja na upande wa pili ukasikika mlango tu. Wageni walidhani ni kiziwi.

Kila mwaka, maini yakirudi, mwenye bucha alivuka njia akanibonyeza. Kila mwaka alisema lile lile. Ikawa kama salamu. Nilimwuliza mara moja kama haoni aibu kusema neno moja miaka yote hiyo. Alisema mimi nauza magadi yale yale, na haoni aibu yoyote usoni mwangu.

Mara ya mwisho nilimwona miaka ile sabuni ilipokuwa adimu kuliko dhahabu. Bucha lilikuwa limekuwa la kijiji, ndoano zikiwa tupu siku nyingi, na yeye alikuwa amepooza upande wa kulia. Tulikwenda kwake na mke wangu, tukiwa tumefunga samaki na magadi, mvua zikiwa zimeshatulia na majani yako marefu. Alikuwa amekaa kwenye kiti uani, na lile koti la bluu, mifuko miwili imebaki. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. Mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Nilimkuta akiupandisha peke yake, polepole, mpaka juu, ukafunguka, ukashuka. Ule wa kulia ulilala pajani ukitazama.

"Mwangaluka, baba."

Alinitazama sana. Kwanza sikuwa na hakika kama ananifahamu. Aliuliza kama anavyoulizwa mgeni, maneno yakitoka mazito, moja moja.

"Watoto... wangapi?"

"Wanne," nikasema.

"Hesabu tena."

Nilidhani ananitania, kwa kuwa soko zima lilijua kwamba mimi kila kitu nahesabu mara mbili, na yeye ndiye aliyekuwa akinicheka zaidi. Nikamridhisha. Nikainua mkono. Nilianzia kidole cha shahada, nikataja wa pili, nikataja wa tatu, nikamaliza na kile kidogo.

"Wanne."

Kidole gumba kilikuwa kimebaki kimesimama peke yake. Mwenye bucha alinyoosha mkono wake mzima, akakishika. Alikibonyeza kama anavyobonyeza, akangoja, jicho lake moja likiwa limefumbuka wazi kabisa.

"Na huyu?"

Nyuma yangu mke wangu alikuwa akifungua furushi la samaki. Nilisikia karatasi ikinyamaza.

Nikatengeneza mdomo kusema nimekosea hesabu, nitarudia. Pumzi ikatoka kwanza, ndefu, na safari hii ilikuwa na mlio. Shuuuu. Niliusikia kwa masikio yangu. Mwenye bucha akaukamilisha kwa upande wa mdomo uliobaki, na hakukohoa.

"Watano," nikasema.

Lile "bado" hakulisema. Alikiachia kidole, akarudisha mkono wake juu ya ule mwingine.

Tulikaa mpaka jua likaegemea. Aliagiza kwa ishara tuletewe kitu kutoka jikoni, na mjukuu wake wa kike akatuletea kipande kimefungwa kwenye gazeti, chepesi. Sikukifungua. Nilijua kwa namna kilivyolala kiganjani. Sikuuliza bei.

Nilisimama. Mke wangu alikuwa mbele, karibu na lango, akijifunga khanga kichwani.

"Mama Kabula," nikasema. "Twende."

Hakugeuka. Akabaki na khanga mkononi, mgongo umenyooka, kama mtu asiye na hakika anayeitwa ni yeye. Nikaita mara ya pili.

"Abee," akaitika.